Tippu Tip Akisomwa Ukingoni mwa Mweru

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip (aliyefariki Unguja mwaka 1905), husifiwa na wahakiki kwa Kiswahili chake kikavu cha kibiashara. Nasi twakisifu. Wengine humwita msafiri shujaa na tajiri wa mikarafuu. Wengine, mfanyabiashara ya watumwa. Yote alikuwa. Ila mwenyewe aeleza kuwa jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Basi tanakali hiyo ya sauti haikutungwa naye, bali na waliozisikia zikiwaelekea, kama watu wa Nsama, Itabwa, mashariki ya Mweru, mwaka 1867. Maswali yetu ya mitihani huishia kwenye ujasiri wa msimulizi. Mwanafunzi wa Nchelenge angeanza na hilo jina lililo jaladani.