Kitabu Namba 5 na Seva ya Mbali

Mwisho wa mwezi, katika zahanati za kata kama Busale, wilayani Kyela, kuna kazi isiyokwepeka: kufunga vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha waliojifungua. Muuguzi anapitia ukurasa kwa ukurasa, anachora vijiti vinne na cha tano anakilaza juu yake, kisha anajumlisha. Malaria kwa watoto walio chini ya miaka 5, wangapi? Kuhara, wangapi? Jumla inaingia kwenye fomu ya mwezi, fomu inafungwa vizuri isilowe, inapanda bodaboda kuteremka Kyela mjini kwa mganga mkuu wa wilaya.

Safari hiyo ya karatasi imedumu tangu MTUHA ilipoanza miaka ya 1990. Kilichobadilika ni kinachofuata fomu ikishafika. Zamani namba zile ziliishia kwenye kompyuta moja, mezani kwa mtu mmoja. Siku hizi zinaingizwa kwenye seva ya mbali, na zikishaingia tu, mkoani Mbeya na wizarani wanaziona. Mtu yeyote anayefikiria kuhamisha kumbukumbu za duka, za shule au za chama cha ushirika wa kakao kutoka kompyuta ya ofisini kwenda kwenye wingu, yaani seva ya mbali kama hiyo, ana mengi ya kujifunza katika uhamisho huu. Mimi naona jambo moja ndilo lililouokoa: waliousanifu walianza na siku ambayo mtandao haupo.

Tuanzie nyuma kidogo. Programu inayopokea namba hizo, DHIS, ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa na nchi kuhitaji hesabu moja ya afya kwa watu wote. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kuifanyia majaribio mwanzoni mwa miaka ya 2000. Toleo lile lilikaa ndani ya kompyuta ya wilaya, likitegemea Microsoft Access. Taarifa za kupeleka ngazi ya juu zilitolewa kama faili, zikabebwa kwa flashi au kutumwa kwa barua pepe.

Ugonjwa wa mfumo huo haukuwa umeme kukatika wala virusi vya flashi, ingawa vyote vilikuwepo. Ugonjwa ulikuwa nakala nyingi. Zahanati mpya ikifunguliwa, wilaya inaiongeza kwenye orodha yake, mkoa bado una orodha ya mwaka jana. Mmoja ameandika jina kwa herufi hizi, mwingine kwa zile. Faili zinapokutanishwa, kituo kimoja kinakuwa viwili, au kinapotea kabisa. Fundi akirekebisha kosa katika programu, inabidi azunguke wilaya kwa wilaya kulirekebisha upya. Ukiwa na wilaya zaidi ya 100, hiyo ni kazi isiyoisha.

Waliothubutu kuukata mzizi huo walikuwa Wakenya. Kabla ya 2011, wilaya zao zilikuwa zikituma majedwali ya Excel makao makuu. Walipoichukua DHIS2, toleo jipya lililojengwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo ili litumike kupitia kivinjari, swali lilikuwa kama kila wilaya iwekewe seva yake. Wakachukua laptopu na modemu za simu, wakaenda kupima mtandao kulekule vijijini badala ya kubishana Nairobi. Ulikuwa wa kusuasua, lakini ulikuwepo. Wakaamua: seva moja kwa nchi nzima. Mawasiliano ya seva ya wizarani yalipoonekana kuwa dhaifu, wakakodi nafasi kwenye seva za kampuni ya Linode, nje ya nchi. Mwaka huohuo wa 2011 mfumo ukawa umesambaa nchi nzima.

Lakini mtandao wa kusuasua ungewafaaje? Hapa ndipo kazi ya kifundi ilipofanyika. Fomu ya kuingizia takwimu ikishafunguliwa mara moja, inabaki imehifadhiwa ndani ya kivinjari. Mtandao ukikata katikati ya mstari wa malaria, ukurasa hauanguki. Karani anaendelea kuandika, namba zinakaa ndani ya mashine yake, na mtandao ukirudi, programu inamuuliza kama azipakie. Anabonyeza, zinakwenda. Bando linalotumika ni dogo, kwa kuwa kinachosafiri ni namba chache tu.

Kinga hiyo ina tundu, na ni vizuri kulijua. Namba zinazosubiri kwenye kivinjari hazipo kwenye seva wala kompyuta nyingine. Mtu akija kuisafisha kompyuta, akafuta data iliyohifadhiwa kwenye kivinjari kabla hazijapakiwa, zimekwenda. Kinachomwokoa karani hapo ni fomu ya karatasi ya kutoka Busale, iliyopo bado kwenye faili lake.

Tanzania ilianzia mkoa wa Pwani, kisha ikasambaza nchi nzima mwaka 2013. Ninachokiheshimu zaidi katika kazi yetu ni kwamba vitabu vyenyewe vya MTUHA vilipitiwa na kurekebishwa sambamba na uhamisho. Wengi wanaohamia kwenye wingu wanapakia uchafu wao wote jinsi ulivyo, kisha wanalipia kila mwezi kuuhifadhi.

Kuna suala la seva ikae wapi, na halina jibu moja. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom ya Kenya, ilianza 2007 na kwa miaka ilihudumiwa na seva zilizokuwa Ujerumani. Mwaka 2015 ikahamishiwa Nairobi, yaani ilirudi nyumbani wakati wengine wanatoka. Kila muamala wa mama wa sokoni ulikuwa ukivuka bahari kwenda na kurudi, na kwa huduma inayotakiwa kujibu papo hapo, umbali huo ni gharama. Takwimu za mwezi zinaweza kusubiri hadi kesho. Mteja aliyesimama dirishani kwa wakala hawezi.

Tarehe 12 Mei 2024 tulikumbushwa kwa uchungu gharama ya umbali huo. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Huduma ambayo seva yake iko Dar es Salaam, mathalani katika kituo cha taifa cha data pale Kijitonyama, inaweza kufikiwa kutoka Kyela kwa mkongo wa ndani bila kugusa bahari. Ya ng'ambo inangoja meli ya mafundi. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kupeleka nje taarifa zenye majina ya watu kuna masharti yake. Jumla ya wagonjwa wa malaria haina jina la mtu. Faili la mgonjwa linalo.

Tofauti hiyo ndiyo inayozikabili zahanati sasa, kwa sababu GoTHOMIS, mfumo unaomwandikisha mgonjwa mmoja mmoja, nao ulianza na seva ndogo ndani ya kila kituo kabla ya kuwekwa toleo la pamoja. Hapa mtandao ukikata, anayesubiri si karani mwenye rundo la fomu. Ni mama mwenye mtoto wa homa mgongoni, amefika Machi, barabara imejaa tope, na muuguzi anarudi kukifungua kitabu namba 5.