Maneno Yauzwayo kwa Kipimo

Wako watu wasemao kwamba kabla ya simu ya mkononi sisi wa Kisangani hatukuweza kusemezana kwa mbali. Wasema hivyo kwa kutojua, na wengi wao ni vijana waliozaliwa papa hapa Makiso au Mangobo, wasiopata hata siku moja kutelemka mto mpaka Yakusu. Huko Walokele walisemezana toka kijiji hata kijiji kwa lokole, yaani gogo lililochimbwa ndani, lisilo na ngozi, lenye midomo miwili: mmoja hutoa sauti ya juu, wa pili sauti ya chini. Usiku uliotulia sauti yake yaweza kusikika maili sita au saba, na kijiji kilichoipokea huipeleka mbele, hata habari ikaipita mitumbwi yote iliyo njiani.

Mtu aliyetuandikia mambo hayo kwa uangalifu ni John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kiprotestanti, aliyefika Yakusu mwaka 1938. Kitabu chake juu ya ngoma zisemazo kilitolewa London mwaka 1949, na kingali chafaa kusomwa. Humo alifafanua jambo ambalo Wazungu wengi kabla yake walilipita bila kulitambua. Kilokele ni lugha ya sauti mbili, ya juu na ya chini. Gogo hutoa sauti hizo tu, halitoi herufi. Kwa hiyo neno la mwezi na neno la kuku, likipigwa peke yake, ni mamoja katika sikio. Basi mpigaji afanyeje? Huongeza maneno. Kuku hutajwa pamoja na mlio wake, na mwezi pamoja na kazi yake ya kuitazama dunia kutoka juu, na hivyo msikilizaji hawezi kukosea. Carrington alihesabu akaona kwamba, kwa kukadiria, neno moja la mdomo lilihitaji maneno manane ya ngoma.

Hebu tulishike neno hili la hesabu, maana ndiyo kiini cha makala yetu. Ngoma ilisema maneno manane mahali pa moja, wala hapakuwa na mtu wa kudai malipo ya yale saba.

Tusiisifu ngoma kupita kiasi. Haikuwa na siri: deni lako, ugonjwa wako na ugomvi wa nyumbani mwako vilisikiwa na kila mwenye masikio. Tena asiyekuwa Mlokele hakuambulia kitu. Baadaye ikaja fonii, ile radio ya mawimbi mafupi iliyowekwa kwenye misheni nyingi na katika nyumba za wafanya biashara. Mtu alingoja zamu yake kwenye benchi, akasema habari za msiba wake mbele ya watu kumi, kisha akanyamaza ili mwenzake ajibu. Mwaka 1986 kampuni ya Telecel ilianzisha simu zisizo na waya katika Kinshasa. Lakini simu hizo zilikuwa za wakubwa na matajiri, kwa maana kifaa kimoja kiligharimu maelfu ya dola. Sisi tulibaki na barua mkononi mwa msafiri. Vita vya miaka 1998 hadi 2003 vilipoifunga njia ya mto, hata barua hizo zikawa adimu.

Kwa hiyo minara ya simu ilipoota kati ya nyumba zetu katika miaka ya 2000, watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Nani atamlaumu mama wa Kisangani kwa kumtafuta mtoto aliyeachana naye vitani?

Wala faida haikukomea hapo. Mwangalie mama anunuaye samaki wakavu kutoka Isangi ili awauze sokoni kwetu. Zamani alikwenda kizani: alipanda mtumbwi, akalipa nauli, na bei aliijua alipofika. Siku hizi huuliza kwanza, kisha ndipo afungapo safari. Mwenye mzigo unaopanda kutoka Kinshasa, safari ya kilometa kama 1,700 za maji, aweza kujua kwamba mashua yake imekwama mchangani, asishinde siku nzima bandarini akiutazama mto mtupu. Hata waendesha pikipiki, warithi wa toleka zetu za baisikeli, wana wateja wao wa simu: mgonjwa huwaita mlangoni, asiyaburute maradhi yake hata njia kuu.

Tena kuna fedha. Mtindo wa kutuma fedha kwa simu ulianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2012 Vodacom ikauleta katika nchi yetu. Airtel na Orange nazo zina wa kwao. Kwetu mtindo huu una faida moja ambayo Mkenya hawezi kuitambua vizuri. Sisi twatumia falanga na dola pamoja, na kila mtu ajua jinsi noti ya dola iliyochanika kidogo tu pembeni inavyokataliwa sokoni, kana kwamba ina ukoma. Fedha iliyo ndani ya simu haichaniki. Haiibiwi na mkoba. Mwanafunzi aliyeko mbali hupata karo siku ile ile. Twayasema haya mapema na kwa moyo wote, asije mtu akadhani kwamba sisi ni maadui wa simu.

Lawama yetu ni juu ya jinsi maneno yanavyouzwa.

Pita katika barabara yoyote ya mji. Chini ya mwavuli ameketi kijana wa kabini, mbele yake meza ndogo, na juu ya meza simu tatu nne. Huuza inite, huuza mega, hupokea na kutoa fedha. Karibu naye yuko mama auzaye mafuta ya mawese kwa kichupa, chumvi kwa kijiko, sukari kwa kifuko kidogo cha kufungwa fundo. Kwa macho kazi zao ni moja: wote wawili wampimia maskini kadiri ya sarafu aliyo nayo leo. Na wote wawili, hapana budi kukiri, huuza ghali kuliko duka la magunia, kwa kuwa anunuaye kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kipimo. Hiyo ni taabu ya umaskini tangu zamani; simu haikuivumbua.

Lakini iko tofauti kubwa. Chumvi ya kijiko isipokwisha leo, italala jikoni na kesho itatiwa katika sombe. Mega za siku moja zisipokwisha, hufa. Ulizilipia, hukuzila, wala hukumpa jirani. Saa ikifika zinatoweka, na asubuhi warudi tena chini ya mwavuli ule ule na mkono mtupu. Ni bidhaa gani nyingine sokoni petu ambayo muuzaji, baada ya kupokea fedha, huja usiku kuitwaa masalio yake jikoni mwako? Tumetafuta mfano, tusiuone. Labda barafu, lakini barafu huyeyuka kwa jua, si kwa amri ya aliyeiuza.

Wenye makampuni hujibu kwamba mnara hula mafuta usiku na mchana, na kwamba vifurushi vya siku moja ni rahisi ndiyo maana vina kikomo. Jibu hilo lina sehemu ya kweli. Katika mji kama wetu, ambamo mitambo ya maji ya Tshopo imechakaa na umeme hukatika mara kwa mara, kuusimamisha mnara ni gharama kubwa. Lakini gharama hiyo imekwisha kuingizwa katika bei. Mtu aliyenunua kiasi fulani cha maneno amenunua kiasi, hakukodi siku. Kama kinachouzwa ni siku, basi na iandikwe siku. Kama ni mega, basi na zihesabiwe kwa mega hata ya mwisho.

Tazama pia jinsi tulivyopiga kelele juu ya jambo lingine, tukalinyamazia hili. Toka mwaka 2020 serikali ilitoza ushuru ulioitwa RAM, yaani daftari la simu za mkononi. Mwenye simu ya kizazi cha tatu au cha nne alidaiwa dola 7 kwa mwaka, mwenye simu ndogo dola 1, nazo zilikatwa vipande vipande katika inite zake. Nchi nzima ilinung'unika. Jambo likafika Bungeni, waziri akahojiwa. Na mwanzoni mwa mwaka 2022 ushuru ukafutwa. Vizuri sana. Lakini yule yule aliyelia kwa ajili ya dola 7 za mwaka hajaketi hata siku moja kuhesabu mega zilizomfia usiku katika mwaka huo huo. RAM ilikuwa na jina na ilikuwa na waziri, kwa hiyo ilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Hasara ya usiku haina jina.

Tena hasara si ya mfuko tu. Zamani kumwamkia mama mkwe ilikuwa kazi ya nusu saa: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, za yule mgonjwa wa jirani, na ndipo neno lenyewe lililokuleta. Ngoma nayo ilikuwa na adabu hiyo. Iliita kwanza, ikamtaja mtu kwa sifa zake zote, ikamtaja babaye. Siku hizi salamu yenyewe ni gharama. Neno la kwanza katika simu ni "Uko wapi?", la pili ni "Sema mbio, inite zinaisha." Mtoto aliyekua akisikia hivyo atajifunza wapi kwamba mzee hakatizwi? Wako watakaosema tunatilia chumvi. Basi na wasikilize wenyewe ndani ya basi liendalo Tshopo, kisha watuambie.

Hata hivyo maskini ni mwerevu. Mbele ya maneno yauzwayo amebuni maneno ya bure: kubipa. Simu yalia mara moja, yakatika: nimefika salama. Mara mbili: niite wewe, mimi sina kitu. Saa fulani ya jioni, kwa wapatanao: nakukumbuka. Ngoma ilitumia maneno manane ili jambo moja lieleweke; bipu haitumii neno hata moja, na aliye upande wa pili ameelewa yote. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyozuliwa kwa simu katika mji huu, na halikuzuliwa na kampuni yoyote. Wakubwa huwacheka wenye kubipa na kuwaita mabahili. Tungewashauri wakubwa wawe wapole kidogo.

Ila bipu nayo humtwika mtu mzigo. Katika kila ukoo yuko mmoja mwenye mshahara, pengine mwalimu, pengine muuguzi. Yeye hubipwa na wote. Akijibu wote, mshahara wake waisha katika salamu. Asipojibu, huitwa mwenye kiburi. Tumesikia mengi ya namna hii katika familia za parokia, na hayana dawa ya upesi.

Wengine hutuuliza: nani amewalazimisha kununua? Swali hilo huulizwa na watu wenye kuishi karibu na kila wanachohitaji. Mama mwenye mtoto Bunia, mume machimboni na dada Kinshasa, hana barabara ya kumfikisha kwa hata mmoja wao. Kwake simu si anasa kama manukato. Ni kama chumvi. Na kitu kilicho kama chumvi, anayekiuza kwa mizani ya hila hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mteja alikuja mwenyewe.

Tungependa kuona mambo mawili. La kwanza ni la makampuni: masalio ya jana yahesabiwe katika kifurushi cha leo, na bei ya kila kifurushi ielezwe kwa Kiswahili na Kilingala kwa maneno ambayo mama wa sokoni huyaelewa. La pili ni la nyumbani. Katika daftari la matumizi, kwa wale walio nalo, twaona unga, mkaa, sabuni, karo, simu haimo. Inaliwa katika chenji, falanga mia tano leo, mia tano kesho, na malipo ya kuichaji kwa jirani mwenye mashine ya umeme.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu wa Kabondo, wa Lubunga ng'ambo ya mto, na wa parokia zote za mji, waandike kwa muda wa mwezi mmoja kila walichonunua kwa ajili ya simu na kila kilichowafia kabla ya kutumika. Karatasi hizo wampe karani wa parokia, bila kuandika jina. Tutazijumlisha na kuitoa hesabu yake katika kurasa hizi.