"Ego Caterina": Nafsi ya Kwanza katika Picha ya Catharina van Hemessen

Wahakiki wa fasihi hatuna mazoea ya kuingia katika uwanja wa wachoraji. Hata hivyo, ipo picha moja ya mwaka 1548, iliyohifadhiwa katika jumba la sanaa la mji wa Basel, Uswisi, ambayo inatuhusu kwa sababu imebeba sentensi. Ni ubao wa mwaloni usiozidi sana ukubwa wa ukurasa wa daftari, sentimita 32 kwa 25 hivi. Mwanamke kijana ameketi mbele ya kiunzi cha kuegemezea picha, burashi mkononi, kibao cha rangi katika mkono mwingine, naye anatutazama. Katika usuli mtupu nyuma yake yameandikwa maneno ya Kilatini: EGO CATERINA DE HEMESSEN ME PINXI 1548, kisha umri: ETATIS SUAE 20.

Sifa ambayo picha hii hupewa mara nyingi ni ya utangulizi: kwamba ndiyo ya kwanza kati ya zilizosalia Ulaya ambamo mchoraji, awe mwanamume au mwanamke, amejichora akiwa kazini mbele ya kiunzi chake. Dai hilo lina uzito wake, lakini sifa ya kutangulia si uhakiki. Linalotushughulisha hapa ni sentensi yenyewe na jinsi inavyofanya kazi pamoja na picha.

Sahihi za wachoraji wa zama hizo aghalabu zilikuwa katika nafsi ya tatu: fulani alichora. Palikuwa pia na desturi ya kuipa picha yenyewe sauti. Jan van Eyck, kwenye fremu ya picha yake ya mwanamume mwenye kilemba chekundu ya mwaka 1433, aliandika kwamba Johannes de Eyck "me fecit", yaani "alinifanya". Hapo "ni-" ni picha inayosema, mchoraji anasemwa. Caterina anageuza mpangilio huo. Katika "me pinxi" msemaji ni mchoraji, na "me" ni yeye huyo huyo. Kilatini hapa kimetumia maneno mawili, ego na me, moja la mtenda na moja la mtendwa. Kiswahili kingewakutanisha wawili hao ndani ya kitenzi kimoja, "nilijichora". Pengine ndiyo sababu msomaji wa Kiswahili huipita haraka sentensi hii: kiambishi -ji- kimekwisha kuziba pengo ambalo Kilatini kinaliacha wazi.

Ni haki kukumbuka kwamba Albrecht Dürer alikwisha kujitaja kwa nafsi ya kwanza katika picha yake ya mwaka 1500 iliyoko Munich. Lakini Dürer hana burashi. Mkono wake umeshika ukosi wa manyoya, naye anajionyesha kama uso wa kustahiwa, karibu sawa na sanamu za Kristo. Kwa Caterina, kitenzi na kitendo vinaonekana pamoja: anasema "nimechora" na tunamwona akichora. Hata kabla yake wachoraji wa Flanders walikuwa wamezoea kuonyesha tendo la uchoraji, ila aliyeketi katika kiti hicho alikuwa Mtakatifu Luka, na mbele yake aliketi Bikira Maria. Caterina amekitwaa kiti, na mbele yake hakuna Bikira. Kuna sisi tu.

Jambo hilo lahitaji kuangaliwa kwa makini. Boccaccio, katika kitabu chake cha wanawake mashuhuri, alisimulia habari za Marcia wa Roma aliyejichora kwa kujitazama kiooni, na michoro ya hati za Kifaransa za mwanzo wa karne ya 15 inamwonyesha akiwa na kioo mkononi. Caterina ameondoa kioo. Pale kilipopaswa kuwa ndipo anaposimama mtazamaji. Kwenye ubao ulio juu ya kiunzi, ambao tayari umetiwa fremu, pana kichwa tu kilichoanza kuchorwa katika kona. Vingine vyote ni utupu. Picha tuliyo nayo imekamilika ilhali picha iliyo ndani yake ndiyo kwanza inaanza, nayo sentensi inatumia wakati uliopita.

Wapo wanaoulaumu mchoro wenyewe, na lawama hiyo hatuna haja ya kuipinga. Mikono ni migumu na vipimo vya mwili haviafikiani na kichwa. Mafunzo ya kuchora mwili ulio uchi hayakuwa wazi kwa wanawake, na kasoro zinaonekana. Zaidi ya hayo, hakuna anayeshika rangi ya mafuta akiwa amevaa mahameli. Kwa hiyo tusiisome picha hii kama taarifa ya siku moja ya kazi karakanani. Ni tamko, na mavazi ni sehemu ya tamko: huyu ni fundi, tena ni mtu wa heshima.

Tatizo liko katika neno la mwisho la maandishi. Baada ya "mimi" na "nilijichora", umri unatajwa kwa "suae", yaani "wake". Ni kweli kwamba hiyo ilikuwa fomula ya kawaida, nasi tusiitwishe mzigo usioweza kuubeba. Hata hivyo fomula nayo ina maana. Msomaji wa tenzi za pwani yetu analijua jambo hili: Mwana Kupona, akiufunga utenzi wake wa mwaka 1858, anataja jina, mji na tarehe, na hapo anajisema kama mtu mwingine. Mtunzi anapofikia mahali pa kuandikishwa katika kumbukumbu, nafsi ya tatu humdai. Hata jina "de Hemessen" ni la babake na mwalimu wake, Jan Sanders, aliyelipata kutokana na mahali alikotoka.

Lodovico Guicciardini, alipomtaja mwaka 1567 katika maelezo yake ya nchi hizo, alimtambulisha kama binti wa Jan, mke wa mwanamuziki Chrétien, na mfuasi wa Malkia Mary wa Hungary aliyemchukua hadi Hispania. Ndoa hiyo ilifungwa mwaka 1554, na hakuna kazi yake iliyothibitishwa inayojulikana kuwa ya baada ya hapo. Wengi wamehitimisha kwamba mke alimnyamazisha mchoraji. Huenda ni hivyo. Lakini hitimisho hilo linarudia sarufi ya Guicciardini, ambamo Caterina kila mara ni wa mtu fulani. Nakala nyingine za picha hii ziko St Petersburg na Cape Town. Mtafiti wa bara hili anayetaka kuihakiki kwa macho yake ana safari fupi kuliko ya Basel, mradi akumbuke kuuliza, kuhusu kila nakala, "ego" hapo ni nani.