Vidole Vinavyosoma Chini ya Ufizi

Mtaalamu wa meno anayeiheshimu kazi yake hupima kwanza. Huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi, mahali sita kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3, pasipo damu, ni ufizi mzima: atakwangua ugaga wa juu, atang'arisha, basi. Mfuko wa kati ya jino na ufizi ukifika kina cha milimita 4 au zaidi, ukatoa damu, na eksirei ikaonyesha mfupa umeanza kuliwa, hapo ndipo kusafisha kwa kina kunapohitajika. Kumtoza mtu gharama ya usafishaji huo bila kumpima ni kuivunjia kazi heshima.

Na kazi yenyewe ni ya kustaajabiwa. Mgonjwa akishashikwa na ganzi, zinatoka kureti, vikwanguo vilivyopinda. Zile za Clayton Gracey, daktari wa Michigan, zina makali upande mmoja tu, na kila moja imepindwa kwa ajili ya meno na nyuso maalumu. Kidole cha pete huegemea jino la jirani ili mkono usiteleze. Kisha ncha huzama mahali ambapo jicho halifiki.

Kule chini ugaga ni mweusi, mgumu, umeng'ang'ania mzizi. Mtaalamu huusikia kwa vidole: mkwaruzo, kikwazo kidogo, mvuto mfupi wa kwenda juu, halafu ulaini. Kwenye magego, mizizi inapoachana, huweza kukaa muda mrefu kwenye upenyo mmoja. Zamani walikwangua mpaka mzizi uwe kama kioo. Siku hizi hujizuia, maana tabaka jembamba linaloufunika mzizi halipaswi kumalizwa. Kujua wakati wa kuacha ni ufundi mgumu kuliko kukwangua.

Subira hiyo si ngeni. Tabibu Al-Zahrawi wa Andalusia, yapata miaka 1,000 iliyopita, alichora vikwanguo vya meno vya maumbo mbalimbali, akaagiza kazi irudiwe siku nyingine ikiwa haikukamilika.

Wiki 4 hadi 6 baada ya usafishaji, kijiti cha kupimia hurudi kinywani. Ufizi uliokuwa umevimba huwa umekaza, na milimita 5 mara nyingi zimekuwa 4 au 3. Panaposalia kina kirefu na damu, mtaalamu hukwangua tena, au humpeleka mgonjwa kwa bingwa wa fizi, ambaye huufunua ufizi ili mzizi uonekane.