Kifaranga Juu ya Kijiti

Kifaranga amekamilika, kasoro macho. Mwili wake ni tonge la keki lenye ukubwa wa ndimu, limevishwa chokoleti ya manjano na kusimamishwa juu ya kijiti cheupe cha karatasi. Mabawa ni vipande viwili bapa vya pipi. Mdomo ni mbegu ya alizeti iliyopakwa sukari ya rangi ya chungwa, na miguu ni vipambo viwili vyenye umbo la ua, ambavyo aliyevitengeneza kiwandani hakuwahi kuvidhania miguu. Mwokaji anashika kalamu ya wino unaolika, anabana pumzi, anagusa mara mbili. Nukta zikiachana mno, kifaranga anaonekana zuzu. Zikipanda juu, anaonekana kashtuka. Zikikaa panapofaa, mtoto aliyekuwa anachungulia mezani anampa jina papo hapo.

Keki hizi za kijiti, ambazo hata wateja wa Dar es Salaam na Nairobi huziagiza kwa jina lake la Kimarekani, keki pop, zilipata umaarufu kupitia mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia, Angie Dudley, anayejulikana zaidi kwa jina la Bakerella. Mwaka 2008 alizionyesha katika kipindi cha televisheni cha Martha Stewart. Mwaka 2010 kikatoka kitabu chake, Cake Pops, na mwaka uliofuata Starbucks wakaanza kuziuza kando ya kahawa. Lakini wazo la kusaga keki na kuifinyanga upya ni la zamani zaidi yao wote. Waokaji wa Denmaki tangu hapo walikuwa wakichukua keki zilizobaki kabatini, wakazichanganya na kakao na ladha ya ramu, wakazifanya matonge. Kilichoongezwa Marekani ni kijiti, na juu ya kijiti, uso.

Watu husifia uso. Ni haki yao, maana ndio unaoonekana. Ila anayeijua kazi hii hulitazama tonge kwanza.

Keki ya sinia la sentimita 23 kwa 33 hupoozwa, ikasuguliwa kwa vidole mpaka iwe chenga laini zisizo na ukoko, kisha ikatiwa aisingi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Maelekezo mengi husema mimina kopo zima. Mwokaji mwenye mkono hutia kijiko baada ya kijiko, akikamata ngumi ya mchanganyiko na kuifungua. Ikisambaratika, bado. Ikiacha mafuta kiganjani, imepita. Ni elimu ileile ya mpika chapati, anayejua maji yametosha bila kutazama kikombe. Tonge lililozidi aisingi ni tamu hadi kero, tena ni zito: dakika kumi baada ya kuchomekwa huanza kuteremka kijitini taratibu, kama bendera inayoshushwa jioni, na uso wake unateremka nalo.

Ipo mashine ya umeme inayooka vidonge vya keki moja kwa moja, yenye vishimo kama chuma cha vitumbua. Inaokoa muda, lakini keki yake hutoka na mshono kiunoni, na haina ule mshikamano unaomruhusu mtu kufinyanga pua ya nguruwe au shingo ya twiga. Kwa kidonge cha mviringo itafaa. Kwa mhusika, hapana.

Kutoka sinia moja hupatikana matonge 48 hivi, kila moja likikaribia gramu 30. Yanawekwa kwenye friji yakaze, ila yasigande. Ncha ya kijiti huchovywa kwanza kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, halafu ndipo ikachomekwa mpaka katikati ya tonge, isipite. Ile chokoleti kidogo ikikauka ndiyo gundi. Kisha tonge zima linazamishwa mara moja na kuinuliwa, na mkono unaoshika kijiti unagongwa polepole kwa mkono wa pili ili ziada idondoke. Si kukoroga wala kuzungusha ndani ya bakuli. Anayekoroga atabaki na kijiti mkononi na tonge kwenye supu.

Halafu kuna mpasuko, ugonjwa unaowaliza wageni wa kazi hii. Tonge limetoka friji, likavishwa chokoleti ya moto, likang'aa vizuri, na baada ya robo saa ufa umepita kutoka utosini hadi kidevuni. Sababu ni rahisi: ganda la nje limekaza na kusinyaa huku keki ya ndani, iliyokuwa baridi, inapata joto na kutanuka. Moja linabana, jingine linasukuma. Dawa yake ni kupunguza tofauti hiyo, yaani tonge likae nje ya friji dakika chache na chokoleti iwe vuguvugu tu.

Pwani yetu inaongeza mtihani wake. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, na mchana wa Februari Dar es Salaam haupo mbali na hapo. Ndiyo maana wengi hutumia chokoleti ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za michikichi, isiyohitaji kupimwa joto kwa makini ili ing'ae. Ladha yake, tuseme kweli, ni ndogo. Zile za bei rahisi huacha utando mdomoni kama wa mshumaa. Inavumilia joto, basi. Isichovumilia ni maji. Tone moja la rangi ya chakula ya majimaji likiingia, sukari iliyomo hunasana na bakuli zima linageuka bonge, kama mfuko wa simenti ulionyeshewa. Rangi lazima iwe ya mafuta.

Baada ya yote hayo ndipo panapofika starehe yenyewe, na hapa ufundi unahama kutoka mkononi kwenda jichoni. Mwokaji wa wahusika huingia dukani akiangalia pipi kwa namna ambayo huenda ikamtia wasiwasi mwenye duka. Nusu ya lozi ni sikio la sungura. Chembe ya chokoleti ni sikio la panda. Shanga nyeupe za sukari, zikibandikwa moja moja kabla ganda halijakauka, ni sufu ya kondoo. Na kuacha nako ni kujua. Mickey Mouse hahitaji hata macho: mviringo mmoja mkubwa mweusi na miwili midogo juu yake, kila mtoto ameshamtambua. Fundi mchanga ataongeza tabasamu, glavu, suruali yenye vifungo, mpaka panya wa watu anaelemewa na kuinama. Kila mhusika ana alama moja au mbili zinazombeba, na kazi ni kuzipata hizo.

Hesabu ya kazi hii haina siri. Siku ya kwanza ni kuoka, kupooza, kusaga na kufinyanga. Ya pili ni kuchovya na kukausha. Kisha uso mmoja ukichukua dakika 5, nyuso 48 ni saa 4 za kuinamisha shingo, kabla ya kufunga kila tonge kwenye mfuko wake na utepe. Basi, msomaji, ukitaka vifaranga hawa kwa siku ya kuzaliwa ya mwanao, mwambie mwokaji wiki moja kabla. Na akikutajia bei, usianze kumtajia ya andazi.