Kadi Ikipotea, Ifute: Kitasa Hakiguswi

Wenye nyumba za kupangisha, kaeni mkao wa kula! Kibao cha namba chenye kisomaji cha kadi ndani yake sasa ni kitu cha kufungwa na fundi umeme wa mtaani, na nimekipenda kuanzia mlio wa kwanza. Hakitaki kompyuta, hakitaki intaneti, hakidai malipo ya kila mwezi. Unakibana ukutani kando ya mlango, unakipa umeme wa volti 12, unaunganisha sumaku ya mlango na kitufe cha kutokea upande wa ndani. Basi!

Kukipanga ndiko kulikonifurahisha zaidi, maana aliyezoea kutuma pesa kwa simu tayari anaijua lugha yake: nyota, namba, reli. Bonyeza nyota, ingiza namba kuu ya siri, malizia na reli. Taa inaanza kumetameta, kifaa kinasubiri amri. Kwenye hiki nilichokifunga, 0 hubadili namba kuu, 1 husajili, 2 hufuta, 4 hupanga mlango ubaki wazi sekunde ngapi. Anza na 0 kabla ya chochote, kwa sababu namba ya kiwandani mara nyingi ni 123456, na kila fundi anaijua. Halafu bonyeza 1, taja namba ya mtumiaji, reli, sogeza kadi. Biip! Inayofuata, biip! Asiyetaka kadi mpe namba yake ya siri, na mlango utamfungukia vilevile.

Hebu ishike kadi yenyewe. Plastiki nyeupe, nyepesi, tarakimu kumi zimechapwa upande mmoja, na haina betri hata chembe! Ndani mna koili ya waya mwembamba kama unywele na chipu ndogo. Kisomaji kinatoa mawimbi ya kilohezi 125, koili inavuna nguvu humo humo, chipu inaamka na kutaja namba yake, yote kwa kufumba na kufumbua. Mmarekani Charles Walton alipata hataza ya kufungua mlango kwa njia hii mwaka 1973, na leo uhondo huo uko kwenye mlango wa ngazi za wapangaji.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni kufuta. Mpangaji amehama bila kurudisha kadi, au imedondoka kwenye daladala? Ingia kwenye mipangilio, bonyeza 2, namba ya mtumiaji, reli. Kadi imekufa papo hapo, popote ilipo! Hakuna kubadili kitasa, hakuna kuwachongea funguo upya wapangaji wote kwa sababu ya mmoja. Sharti ni moja: uwe na daftari linaloonyesha nani ana namba ipi, kwani bila hilo hutajua ya kufuta.

Usibane matumizi kwenye betri ya akiba. Sumaku ya mlango hushika kwa umeme. Umeme ukikatika inaachia, na mlango unabaki wazi. Ndivyo inavyotakiwa, watu wasije wakafungiwa ndani moto ukizuka, ila kwa mitaa yetu ya mgao, betri ya volti 12 ni sehemu ya mlango wenyewe. Pia kadi za kilohezi 125 hunakiliwa kirahisi. Kwa ngazi na geti la pamoja zinatosha. Kwa stoo ya mali au ofisi yenye fedha, panga kifaa kidai kadi pamoja na namba ya siri, au chukua kisomaji cha megahezi 13.56 chenye kadi za usimbaji imara, kama DESFire.

Kwa nyumba ya wapangaji, nakipa alama zote. Kanunue, kaa na fundi wako mpaka mlango ufunguke kwa kadi ya kwanza, na namba kuu uibadili tena wewe mwenyewe, yeye akiwa ameshaondoka.