Ikulu ni Neno la Nani?

Ukishuka kwenye pantoni ya Kigamboni upande wa Feri, ukalipita soko la samaki, unafika kwenye ukuta ambao hukufanya uongeze mwendo na kurudisha simu mfukoni, hata kama hakuna aliyekuambia kitu. Nyuma yake ndiyo Ikulu. Wengine husema tu "Magogoni", na kila mtu anaelewa. Nimepita hapo miaka mingi bila kujiuliza swali dogo: neno ikulu limetoka wapi?

Limetoka bara. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ikulu ni makazi ya mtemi. Mwaka 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Isike alipoona ameshindwa, alililipua ghala lake la baruti akiwa ndani, kuliko kukamatwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1890, Wajerumani hao walikuwa wakimjengea gavana wao nyumba Dar es Salaam, kando ya bahari.

Nyumba hiyo ndiyo mwanzo wa Ikulu yetu. Jina la makao yaliyovunjwa limepewa makao ya waliovunja.

Nyumba nayo haikubaki salama. Mwishoni mwa 1914 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga. Kisha Waingereza wakaja kutawala, wakaijenga upya, ikakamilika 1922. Mchoraji wake, John Sinclair, alikuwa ametumikia Zanzibar miaka mingi, na matao ya mtindo wa Kiarabu yalikuwa yamemkaa mkononi. Kwa hiyo tunayo nyumba iliyoanzishwa na Mjerumani, ikavikwa sura ya Uarabuni na Mwingereza, na leo inaitwa kwa neno la Kinyamwezi.

Baada ya Uhuru aliingia Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, ingawa yeye alipenda zaidi kuishi kwake Msasani. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta utawala wa machifu. Watemi wakaondolewa, neno la nyumba yao likabakizwa.

Kwa muda mrefu niliisoma habari hii kama ushindi. Hatukuweza kuibomoa nyumba ya gavana, nilijiambia, basi tukaiteka kwa lugha. Bado naona usomaji huo una ukweli. Lakini Chamwino imenitia mashaka.

Tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma. Safari hii hapakuwa na gavana wala mizinga. Tulikuwa na ardhi yetu, mafundi wetu na fedha zetu, katikati ya nchi, mbali kabisa na bahari. Tukajenga kuta nyeupe na matao, kwa sura inayofanana sana na Magogoni. Matao ya Sinclair yametufuata mpaka Ugogoni.

Najua jibu litakalotolewa: baada ya miaka sitini sura ile imekuwa yetu. Marais wetu wote wameitumia, mawaziri wameapishwa pale, na nchi yoyote inahitaji mwendelezo. Ni jibu zuri kwa nyumba ya Magogoni, maana hiyo tuliirithi, na mrithi hachagui. Chamwino tulichagua. Na tulipopewa nafasi ya kusema mamlaka yetu yana sura gani, tulirudia alichosema mchoraji wa gavana.

Sisemi tungejenga msonge wa nyasi ili tuonekane Waafrika. Hayo nayo yangekuwa maigizo. Ninachosema ni kwamba neno peke yake halikutosha. Mwambie mtoto wa darasa la tatu achore ikulu. Nadhani atachora matao meupe, bendera na askari getini. Ukimwuliza Isike alikuwa nani, huenda akadhani ni jina la mtaa.